Mapipa ya Gaia, Zabibu za Mpunguzi

Mwezi Agosti mwaka juzi mdogo wangu wa kiume alinipigia simu kabla ya adhana ya alfajiri. Anaishi Mpunguzi, kusini mwa mji wa Dodoma, kwenye shamba la zabibu aliloliacha Baba. Ekari mbili kasoro. "Dada," alisema, "lori limekuja jana, limebeba kreti arobaini, limeondoka. Dalali anasema matangi yamejaa mchuzi wa zabibu, warudi wiki ijayo. Zabibu gani inasubiri wiki?" Akanyamaza kidogo, kisha akauliza lile aliloamkia: "Tung'oe tupande alizeti?"

Sikuwa na jibu. Wiki hiyohiyo nilihudhuria kikao mjini kuhusu utalii wa zabibu, na mtoa mada akatuonyesha ukutani picha ya daraja la chuma lenye njia mbili, moja juu na nyingine chini, mto mpana ukipita katikati na mapaa mekundu yakipanda mlima. Akasema Dodoma inaweza kuwa mji kama ule. Ukumbi ukapiga makofi. Sikuhitaji kusoma maandishi yaliyokuwa chini ya picha. Daraja lile nimelivuka kwa miguu, Septemba 2018, mkono wangu ukiwa kwenye kiwiko cha mume wangu kwa sababu ya goti lake. Ni Porto, kaskazini mwa Ureno. Nami niliona kwamba picha ile, kwa uzuri wake wote, imeishia mahali ambapo habari yenyewe inaanzia.

Tulifika kwa treni kutoka Lisbon. Mume wangu, ambaye kazi yake ni ya bandarini, alikuwa amemaliza mafunzo ya wiki mbili, nami nilikuwa nimemfuata kwa akiba tuliyoanza kuiweka siku binti yetu wa mwisho alipomaliza kidato cha sita. Zilibaki siku tisa kabla ya ndege ya kurudi. Yeye ni mtu wa Pangani, mtoto wa fundi wa majahazi, na ni Mwislamu ambaye tone la kileo halijapita kinywani mwake. Watu huniuliza mtu wa namna hiyo alifuata nini kwenye mji wa mvinyo. Alinifuata mimi. Na kwa kuwa hakuwa na glasi mkononi, aliona mambo mengi ambayo sisi wengine tuliyapita.

La kwanza tuliliona hata kabla hatujatoka stesheni. Ukumbi wa stesheni ya São Bento umefunikwa vigae vya bluu na nyeupe toka sakafuni hadi karibu na dari, vigae vipatavyo 20,000, kazi ya msanii Jorge Colaço, na stesheni yenyewe ilifunguliwa mwaka 1916. Upande mmoja kuna picha kubwa ya Wareno wakiiteka Ceuta, Afrika ya Kaskazini, mwaka 1415. Mwana mfalme Henrique, aliyezaliwa Porto hapohapo mwaka 1394, amesimama mbele ya majeshi. Mume wangu aliweka begi chini na hakusogea. Miaka 83 baada ya Ceuta, Vasco da Gama alitia nanga Malindi; haikupita karne moja Wareno wakaanza kuijenga Fort Jesus pale Mombasa. "Safari iliyofika kwetu," aliniambia, "ilianzia kwenye ukuta huu."

Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta mwingine. Huko Colaço alichora wanawake wakivuna zabibu, na mashua zenye tanga moja zikiteremsha mvinyo mtoni. Tulikaa kwenye ukumbi ule karibu saa nzima, kila mtu na ukuta wake. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza jinsi ya kusafiri na mtu. Zamani ningemvuta mkono twende, tumechoka, hoteli haijulikani iliko. Siku ile nilimwacha amalize ukuta wake, naye akaja akasimama nami kwenye wangu.

Wenyeji wa Porto huitwa walaji wa utumbo. Husimulia kwamba wakati majahazi ya Ceuta yanaandaliwa, mji ulitoa nyama yake yote kwa wasafiri ukabaki na matumbo, na hadi leo chakula chao cha heshima ni utumbo uliopikwa na maharage meupe. Nilikula mara mbili. Mume wangu hakuweza kwa sababu huchanganywa nyama ya nguruwe, akaishi kwa samaki, mkate na supu ya kabichi. Lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchukua lugha yao, na aliichukua dukani. Mama mmoja muuza mboga alinyoosha kidole kwenye meza yake akasema *mesa*. Akagusa kitambaa cha kichwani: *lenço*. Mume wangu akamjibu: meza, leso. Yule mama akaita jirani zake. Wakaendelea hivyo, bendera, nanasi, parafujo, mpaka wakafika *vinho*, mvinyo, na *pipa*, ambalo kwao ni pipa vilevile bila kubadilishwa hata herufi. Nimetamka neno hilo maisha yangu yote nikiwaza pipa la maji la bati nyuma ya jiko la Mama. Kule ni kipimo cha biashara: pipa moja la mvinyo wa Porto ni lita 550, na mkulima hulipwa kwa hesabu ya pipa.

Siku ya tatu tulivuka daraja kwenda Vila Nova de Gaia. Daraja la Dom Luís I lilifunguliwa mwaka 1886, na njia ya juu wanapita watembea kwa miguu na treni ya mjini. Ukiwa juu unaona maghala ya mvinyo yamepangwa ng'ambo, na juu ya mapaa yake majina makubwa meupe yanayosomeka toka mbali: Sandeman, Graham, Cockburn, Taylor. Mengi ni majina ya Kiingereza na Kiskoti, kwa kuwa Waingereza ndio waliokuwa wanunuzi wakubwa wa mvinyo huu tangu zama za vita vyao na Ufaransa. Mbele ya maghala, kwenye gati, zimefungwa zile mashua za kwenye vigae. Mume wangu alichuchumaa, goti likimuuma, akapitisha kiganja ubavuni mwa mojawapo. "Hizi mbao zinapandana," alisema. "Sisi tunazikutanisha ukingo kwa ukingo. Na haina mkuku. Imetengenezwa kwa ajili ya maji ya mawe." Ilikuwa kweli: mto ule, Douro, kabla ya mabwawa ulikuwa wa maporomoko, na chombo chenye tumbo bapa na kasia refu la usukani ndicho pekee kilichoweza kushusha mapipa bila kupasuka.

Ndani ya ghala kulikuwa na ubaridi na giza, na harufu iliyonirudisha moja kwa moja kwenye banda la Baba, ya zabibu iliyoanza kuchacha. Kijana wa kutembeza wageni alitueleza vizuri. Juisi huachwa ichachuke siku mbili au tatu hivi, kisha huongezwa pombe kali ya zabibu, takriban sehemu moja kwa nne, na hapo chachu hufa. Sukari iliyokuwa haijaliwa na chachu hubaki, ndiyo maana mvinyo wa Porto ni mtamu na mkali kwa pamoja. Kisha hulala kwenye mapipa ya mbao miaka mingi na kila mwaka kidogo hupotea kwa kupumua kupitia mbao. Nilionja. Ladha ilikuwa ya zabibu kavu na kokwa, na nikaona aibu ya kipekee, kama mtu anayekutana mjini na ndugu yake aliyefanikiwa.

Kwenye kona ya ghala fundi mzee alikuwa anatengeneza pipa. Nalitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu sijalisahau. Pipa halina msumari wala gundi. Mbao zimechongwa pana katikati na nyembamba nchani, zikazungushwa ndani ya pete ya chuma, moto mdogo ukawashwa katikati, na fundi akawa analowesha nje kwa kitambaa huku ndani panaunguzwa, mbao zikalegea na kuinama zenyewe. Pete zikashuka kwa nyundo, kidogo huku, kidogo kule. Mahali palipokuwa na mwanya alisokota utepe wa jani kavu. Mume wangu akasema kwa sauti, "Kalafati!" Fundi akageuka. "*Calafate*," akajibu, naye akiwa na uso wa mtu aliyesikia jina lake. Wakaanza kuongea kwa mikono, mmoja akionyesha pamba na mafuta kwenye mbao za jahazi, mwingine majani kwenye mbao za pipa, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Mimi nilimuuliza yule kijana: zabibu hizi ni za nani? Akasema za wakulima wa bondeni juu, wengi, maelfu. Nikauliza majina yao yako wapi. Alikuwa kijana muungwana, akafikiri kweli, kisha akasema chupa hubeba jina la ghala. Baadaye niliambiwa kwamba hadi mwaka 1986 sheria ililazimisha mvinyo wa Porto usafirishwe nje ya nchi kupitia maghala ya Gaia; mkulima wa bondeni asingeweza kuuza chupa yake ng'ambo hata kama alikuwa na mnunuzi. Bonde lilikuwa limefunguliwa mlango mmoja tu, na ufunguo ulikuwa mjini. Nilipofika hapo sikutaka kuona ghala la pili. Nilitaka kwenda juu ya mto.

Mume wangu hakutaka. Ngazi za mtaa wa Ribeira zilikuwa zimemmaliza, na treni ya kwenda Pinhão huchukua zaidi ya saa mbili. Nilimsihi, akakubali kwa shingo upande. Njia ile ya reli sitaisimulia yote, isipokuwa kwamba kwa zaidi ya saa nzima huoni chochote cha maana, kisha ghafla mto unatokea kuliani na hauachani nawe tena. Vilima vimekatwa ngazi kwa ngazi, kuta za mawe makavu yasiyo na saruji, na kila ngazi ina mstari mmoja au miwili ya mizabibu. Hakuna udongo pale. Kuna mabamba ya mawe yaliyovunjwa kwa nyundo hadi mizizi ikapata pa kupita. Nilimwona mume wangu akihesabu ngazi za mlima mmoja kwa kidole kwenye kioo. Aliachia njiani.

Pinhão ni kijiji kidogo, na stesheni yake nayo ina vigae vya mavuno. Tulipanda mlima, mimi nikasimama kwenye kila mzabibu, na tukaikosa treni ya mwisho. Kosa lilikuwa langu. Mume wangu alikaa kwenye benchi la stesheni akiwa kimya, na kimya cha mume wangu nakijua uzito wake, bora angefoka. Jua likazama. Aliyetuokoa alikuwa mzee mwenye trekta dogo lililojaa zabibu, akiwa na mjukuu wake aliyejua Kiingereza. Binti alituuliza kama tumepotea, nikamwambia hapana, tumechelewa, na kwamba baba yangu alilima zabibu Afrika. Mzee akasogeza kreti, akatupisha.

Usiku ule nyumbani kwake walikuwa wanakanyaga zabibu. Kwenye banda lao kuna birika la jiwe la graniti, pana kama chumba cha kulala, kina chake kinafika mapajani, na zabibu za siku ile zilikuwa ndani. Walinipa kaptura ya mtu. Unapoingia ni baridi inayouma mifupa, maganda yanateleza kati ya vidole, vikonyo vinachoma nyayo. Watu wanashikana mabega kwa mstari na kwenda hatua kwa hatua kwa amri ya mmoja, kushoto, kulia, bila kuruka, kwa sababu kazi ni kupasua ganda bila kuvunja mbegu; mbegu ikivunjika mvinyo unakuwa mchungu. Baada ya saa moja nilihisi joto likipanda toka chini. Nje ya mlango mume wangu alikuwa amekaa na bibi wa nyumba ile wakichambua maharage kwenye sinia, viatu vyangu vikiwa chini ya kiti chake. Nilimwona anacheka. Hasira ya benchi ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeomba radhi.

Asubuhi mzee alitupeleka shambani. Hekta tatu, vipande vitano vilivyotawanyika. Mpakani mwa kipande kimoja limesimama jiwe la graniti lililochongwa neno FEITORIA. Mwaka 1756, waziri aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal aliamuru bonde lipimwe na liwekewe mipaka ya mawe, maana mvinyo ulikuwa umeharibiwa jina: wafanyabiashara walitia rangi kwa vitunda vyeusi vya mti mmoja wa porini, na bei ikaanguka. Akaamuru miti ile ing'olewe. Amri zake hazikuwa za huruma. Mwaka uliofuata watu wa Porto walifanya ghasia kupinga kampuni aliyoiunda, na wengi wakanyongwa. Sitayasifu hayo. Ila lile jiwe nililishika kwa mikono miwili.

Mzee akatoa karatasi mfukoni. Kila kipande chake kina herufi, kuanzia A kwenda chini, kwa kuzingatia mwinuko, mteremko, udongo na umri wa mizabibu. Herufi ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha zabibu zake kitaruhusiwa kuwa mvinyo wa Porto, na hizo ndizo zenye bei. Zinazobaki huenda kwenye mvinyo wa kawaida kwa malipo madogo sana. Nilimfikiria Baba. Alijifunza kupogolea akiwa kibarua kwenye shamba la misheni ya Bihawana, na alikuwa na daftari ambalo aliandika kila mstari wa shamba, ule ulio karibu na kichuguu unatoa chache lakini tamu, ule wa bondeni unatoa nyingi na nyepesi. Siku ya kuuza, yote hayo yaliishia kwenye mzani mmoja. Zabibu zake alizozinyima maji wiki tatu ili ziwe tamu zilimwagwa kwenye lori pamoja na za mtu aliyemwagilia jana yake ili zipate uzito, na huyo wa maji ndiye aliyelipwa zaidi. Baba alijua utamu wa kila mstari, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Nilimwambia mzee kwamba kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Aliuliza tena. Mjukuu akarudia. Akauliza mara ya tatu, akinyoosha vidole viwili. Kisha akasema jambo ambalo binti alilitafsiri polepole: "Basi mizabibu yenu hailali kamwe. Nani anaipumzisha?"

Tulipotaja Tanzania aliinua kichwa. "Nachingwea," alisema. Alikuwa askari wa lazima kule Mueda, Msumbiji, akiwa na miaka 21, na Nachingwea ndiko walikoambiwa adui anatokea. Nikamwambia wapiganaji wa FRELIMO walikaa pia Kongwa, mkoani kwetu, na Baba alipata kuwaona. Tukasimama kwenye ile ngazi ya mawe, binti akitutazama kwa zamu. Mzee alisema miaka ile vijana wote wa bonde walikuwa vitani au wamekimbilia Ufaransa, na mashamba yalilimwa na wanawake. Akaonyesha kilima cha ng'ambo chenye kuta zilizobomoka na mizeituni iliyojiotea. Pale mizabibu iliuawa na mdudu wa mizizi karne ya 19 na haikupandwa tena. Yana jina lake, mashamba hayo, jina lenye neno la kifo ndani yake.

Ndiyo maana sikupiga makofi kwenye kile kikao. Wageni wengi wa Porto huishia Gaia, wanapiga picha mashua, wananunua chupa, wanaondoka wakiamini mvinyo unatoka kwenye ghala. Sisi Dodoma tuna kinyume chake: mashamba yako pembeni mwa barabara, mgeni anayaona toka dirishani mwa basi na kununua zabibu kwenye ndoo, lakini hawezi kunywa glasi ya Mpunguzi wala ya Hombolo akaambiwa ni ya huko. Tukijenga ghala zuri na daraja kabla hatujauliza herufi ya kila mstari wa shamba, tutakuwa tumechukua nusu ya Porto iliyo nyepesi kuchukua.

Na hata ile nusu nyingine si salama. Mvinyo mtamu hauuziki kama zamani, na kiasi cha Porto kilichoruhusiwa kutengenezwa kilishushwa kutoka mapipa 104,000 mwaka 2023 hadi 90,000 mwaka 2024. Wakulima wa bonde wakaandamana wakisema zabibu zao hazina mnunuzi. Nilisoma habari hiyo siku chache baada ya simu ya mdogo wangu. Nikaisoma tena kwa sauti, mume wangu akasikiliza, akasema, "Twende Mpunguzi."

Tulikwenda Jumamosi. Zile kreti zilizoachwa zilikuwa kivulini, nyuki wamezizunguka. Mume wangu alikagua mbao zilizokuwa nyuma ya banda, akachukua kamba, akaanza kupima chanja za kukaushia. Mimi nilileta daftari la Baba, nikapita mstari kwa mstari na mdogo wangu, tukifunga kitambaa chekundu kwenye ile ya karibu na kichuguu. Njiani nilimsimulia habari za yule mzee, ngazi za mawe, karatasi yenye herufi, kilima cha ng'ambo. Alisikiliza kama mkulima anavyomsikiliza mtu wa mjini, yaani kwa heshima na bila kuamini sana.

"Huyo mzee," aliuliza mwishowe, "alikuwa ameshalipwa za mwaka uliotangulia?"

Nilimwambia ukweli. Alikuwa bado anadai.

"Na alikuwa anaendelea kupogolea?"

"Kila Januari. Kwenye baridi."

Aliangalia shamba kwa muda, kisha akaingia bandani na kutoka na mkasi wa Baba, ule wenye mpini uliofungwa mpira, na jiwe la kunolea. Akaanza na ile yenye kitambaa.